Bwana Sogea, Mwenyeji wa Chini

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliotoka mbali tangu alfajiri ili muwe nasi, familia imenituma mimi, mtoto wa dada wa marehemu, nisimame hapa niwasomee maisha ya mjomba wangu, na naomba mnivumilie, maana kazi hii yeye mwenyewe angeifanya vizuri zaidi, alikuwa na sauti ya kufika meza ya mwisho bila kuipandisha, mimi sina.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, katika chumba cha juu cha nyumba ya kula na kunywa iliyoko kwenye kona ya mtaa wa zamani, nyumba ambayo mtu huingia kwa kushuka ngazi kutoka barabarani, na kwa sababu hiyo haikuwahi kuhitaji kibao mlangoni, watu waliiita Chini, na wake wa mafundi walikuwa na maneno yao, mume asipoonekana jioni walisema amezama, wakaenda kumwopoa. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho, baba yake akiwa kwenye kaunta na mama yake jikoni, na aliyemlea hasa ni dada yake, yaani mama yangu mzazi aliyekaa pale mbele, ambaye alimzidi miaka minne na alimbeba mgongoni akimenya viazi, mpaka marehemu mwenyewe akapenda kusema kwamba aliijua harufu ya kitunguu kabla hajaijua sura ya mama yake.

Wengi wenu hapa ni vijana, hamkuuona mtaa ule ulivyokuwa, kwa hiyo nitasema kidogo. Kulikuwa na nyumba za kula mlango kwa mlango, na kila moja ilikuwa na watu wake, makarani wa mahakama walikula kwenye nyumba yenye saa kubwa ukutani, saa ambayo mwenye nyumba aliitanguliza makusudi ili wasichelewe kurudi kazini, wapagazi wa sokoni walikula kwa mama mmoja aliyewapa chakula wakiwa wamesimama kwa sababu alisema mpagazi akikaa hainuki tena, na wapiga chapa walikuwa na kilabu chao chenye kuta nyeusi kwa wino wa mikono yao. Chini palikuwa pa watu wote. Ndani kulikuwa na meza moja tu, ndefu kutoka kaunta mpaka ukuta wa nyuma, ambayo babu wa marehemu aliitengenezea humo humo chumbani kwa mbao za daraja la zamani lilipovunjwa, kwa hiyo isingeweza kutoka mlangoni hata mtu angetaka, na pande zote mbili yalikuwapo mabenchi, mtu akiingia hakuchagua mahali, alikaa penye nafasi, hakimu kando ya mchoma mkaa, mwalimu kando ya baba wa mtoto aliyemchapa asubuhi ile.

Marehemu alianza shule ya msingi nyuma ya soko mwaka 1954, akamaliza mwaka 1961, akaendelea na sekondari mpaka mwaka 1965, ambako alisifika kwa jiografia na kwa kuiga sauti za walimu, jambo lililomletea viboko na marafiki kwa kipimo kimoja. Mwalimu wake mkuu alitaka aende chuo cha ualimu, lakini baba yake alimpeleka kwenye hoteli kubwa ya karibu na stesheni ajifunze uhudumu, akaanza huko Januari 1966, na huko kwa mara ya kwanza akaona meza ndogo za watu wawili wawili, kila meza na kitambaa chake cheupe na taa yake, na wageni wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu wanaosikilizana kweli. Aliporudi nyumbani mwaka 1969, baba yake alipoanza kuumwa nyonga, alirudi na mgongo ulionyooka, viatu vinavyong'aa, na meza zile kichwani, na mama yangu husema shida yote ilianzia hapo.

Akachukua kaunta na ukumbi, dada yake akachukua jiko, na kati yao kikawa kile kidirisha cha kupitishia sahani, ambacho kutwa nzima kilitoa mvuke na utani. Jina la Bwana Sogea alilipata kipindi hicho, kwa sababu nyumba ikijaa na mtu akasimama mlangoni akikata tamaa, yeye alipita nyuma ya benchi akiwagusa watu mabega, "Sogea kidogo, mzee, mwenzio akae," na watu walisogea, na nafasi ilipatikana mahali ambapo mwenye macho aliona hakuna. Wala hakukalisha watu ovyo ovyo, aliwatazama kwanza. Mwashi mmoja na bosi wake walioshindana juu ya ukuta ulioanguka walijikuta bega kwa bega mbele ya bakuli moja la mkate, na mjane aliyekuwa hajasema na mtu tangu msiba wake alikalishwa kando ya fundi saa aliyekuwa kiziwi kidogo, ikabidi apaze sauti, na siku hiyo ndiyo alicheka tena. Wapo hapa leo watu wazima, na wana wajukuu, ambao wazazi wao walikutanishwa na mkono wa mjomba wangu begani.

Yeye mwenyewe alikutanishwa na bahati yake tu, kwani mwaka 1972 fundi nguo mmoja wa mtaa wa pili alianza kuja kula na binti yake, na ikaonekana kwamba kila wakija nafasi hupatikana karibu na kaunta, hata siku ambazo ukumbi ulikuwa mtupu, mpaka mama yangu akatoa kichwa kwenye kidirisha na kusema mbele za watu, "Mdogo wangu, ama uoe ama uwaache wale kwa amani." Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza alizaliwa 1974, wa pili 1977, na kitindamimba 1982, wote wapo hapa. Baba wa marehemu na mama yangu alifariki mwaka 1979, na mama yao mwaka 1984, nyumba wakaachiwa wote wawili, kaka na dada, bila mpaka, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mpaka ungehitajika.

Ndugu zangu, sehemu inayofuata tuliizungumza sana nyumbani, wengine walisema isisomwe, isije ikamvunjia heshima marehemu, na mama yangu akasema isomwe, kwa sababu ninyi nyote mnaijua, na mkiona imerukwa mtaisoma wenyewe vichwani mwenu, tena vibaya.

Miaka ya tisini mtaa ulianza kufa. Nyumba ya makarani iligeuzwa benki, yule mama wa wapagazi alizeeka akafunga, kilabu cha wapiga chapa kikawa duka la viatu, na wateja wetu wa Chini walikuwa wakipungua kwa njia ya kawaida ya wazee kupungua. Wakati huo huo walianza kuja watalii, wakishuka kutoka kwenye mabasi na kuupiga picha mlango wetu, wakichungulia, wakiona watu wamebanana kwenye benchi moja, wanarudi juu. Marehemu alikuwa akisimama pale kwenye kaunta anawaangalia miguu kupitia dirisha la juu, wanakuja, wanasimama, wanaondoka, na jambo hilo lilimla moyo. Alimwambia dada yake mara nyingi kwamba wakiweka meza ndogo nyumba itapona, na dada yake alimjibu jibu moja kila mara, "Nikifa, fanya unalotaka." Yeye aliona anaikinga nyumba isifungwe, mama aliona anaikinga nyumba isigeuzwe, na hakuna kati yao aliyekuwa mtu mbaya, hilo naomba mlichukue nyumbani kabla sijaendelea.

Septemba 1996 dada yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, mama akasafiri kwenda kumuuguza, na alipokuwa huko marehemu aliita fundi seremala, meza ikakatwa. Hakufanya kwa kiburi. Alihisi kwamba dada yake akiiona kazi imekwisha, nzuri, moyo wake utakubali kile ambacho masikio yake yalikataa, na ili kumfurahisha alimwekea jikoni jiko jipya la gesi lenye tanuri mbili, akalifunga utepe. Mimi nilikuwapo siku mama aliporudi, nilikwenda kumpokea stendi, na marehemu alikuwa amevaa shati jeupe akitungoja mlangoni kama bwana harusi. Mama aliingia na begi lake mkononi, akasimama, akatazama meza ndogo zilizopigwa msasa na rangi ya mafuta, kila moja na taa yake na viti viwili, akauliza, "Ya kwetu iko wapi?"

Marehemu akasema, "Ndiyo hii, dada. Ndizo hizi zote, hatukutupa hata ubao mmoja."

Mama akasema, "Umkate mtu vipande, halafu uniambie ndiye huyu."

Akaenda jikoni, tukadhani anakwenda kuliona jiko, akatoka na kisu chake cha kazi na aproni yake imekunjwa kwapani, akapanda ngazi, na tangu siku ile hakushuka tena. Baada ya mwezi alipata kazi ya upishi katika shule ya bweni ng'ambo ya mto, akapikia watoto wa watu mpaka alipostaafu mwaka 2008, na nyumbani kwetu na nyumbani kwa mjomba palikuwa mtaa mmoja, mtu akipiga chafya huku anaombewa afya kule, lakini kaka na dada hawakusemezana.

Nyumba ilifanya vizuri misimu michache, watalii walijaa, picha zilipigwa, kisha zikafunguliwa nyumba nyingine za namna ile ile, kubwa zaidi na zenye bustani, na wapishi aliowaajiri walipokezana jiko lile jipya bila hata mmoja wao kulizoea. Wateja wa zamani walijaribu kurudi. Nakumbuka yule mwashi, mzee sasa, alishuka siku moja akasimama katikati ya ukumbi akiwa ameshika kofia, akitafuta pa kukaa, na nafasi zilikuwa tele, lakini kila meza ilikuwa na viti viwili na yeye hakuwa na mtu wa kiti cha pili. Marehemu alimwita, akaketi naye, wakala, na mzee yule hakuja tena. Jioni ile mjomba aliniambia, "Nimewapa watu kila kitu isipokuwa jirani," na hayo ndiyo maneno ya majuto ya kwanza niliyoyasikia kutoka kinywani mwake, na nilipomwuliza kwa nini asimwambie dada yake, alisema anangoja wakati mzuri.

Wakati mzuri ulionekana umefika mwaka 2003, katika harusi yangu, kwani marehemu ndiye aliyeombwa kupanga watu ukumbini, na katika meza ya wazee alijiweka yeye na dada yake kando kwa kando. Mama alifika, akaona, akafikiri kidogo, akaketi. Ukumbi mzima uliacha kula, watu walijifanya wanazungumza. Hawakusema neno, ila katikati ya chakula marehemu alipaliwa, akaanza kukohoa, na mama bila kumtazama akasukuma jagi la maji mbele yake, naye akamimina akanywa. Basi mtu akaja kumwita mjomba aende kutatua jambo la wapiga muziki, aliporudi kiti cha pili kilikuwa kitupu. Kesho yake nilikwenda kuwasalimu wote wawili, kila mtu kwake, na kila mmoja aliniambia vile vile, kana kwamba wameandikiana, "Alikaa kando yangu muda wote ule, kwa nini hakusema kitu?"

Tarehe 30 Juni 2009 marehemu alifunga Chini, na nyumba ikapangishwa kuwa duka la simu. Hakukaa bure, kwani chama cha kuhifadhi mji wa zamani kilimwomba awatembeze wageni na kuwasimulia habari za nyumba za kula na vilabu vya zamani, na kwa miaka kumi na miwili, kila Jumamosi, mlimwona na fimbo yake akiongoza kundi la watu mtaani, akiwaonyesha mahali palipokuwa na saa iliyotangulia, mahali wapagazi walipokula wamesimama, na ukuta ambao ukiukwangua bado unatoa wino, na wageni walicheka na kulia kwa sababu aliwaigiza wote, mama wa wapagazi, mahakimu, hata mbwa wa mahakimu. Akifika mbele ya Chini hakusimama. Alisema, "Hapa palikuwa na pa kula," akapita. Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza kama palikuwa pazuri, akajibu, "Mpishi alikuwa mzuri," akageuka kuonyesha nyumba ya pili.

Afya yake ilianza kuyumba Oktoba 2021, miguu ilivimba, akawa anahema akipanda ngazi, na madaktari wakagundua moyo umechoka. Februari 2023 alilazwa hospitali kuu, na hapo ndipo mama yangu alipoanza kuchemsha supu, ya mifupa na karoti, kama ile waliyokuwa wakipika kule Chini siku za baridi, akanipa chupa nipeleke na akaniagiza niseme imepikwa na mke wangu. Marehemu alionja kijiko kimoja, akakiweka, kisha akaniuliza mke wangu amejifunza lini kupika hivi. Nikasema amejifunza tu. Akasema, "Mwambie ahsante kwa kukumbuka kupunguza chumvi, daktari amenikataza," akainywa yote, na mke wangu, ambaye namheshimu sana, anajua kwamba supu yake haijawahi kunywewa yote na mtu yeyote.

Nilipofikisha maneno hayo, mama alisema, "Basi anajua." Nikamwomba twende wote kesho yake. Akasema, "Anajua, na hajaniita." Nikarudi hospitali nikamweleza mjomba wazi kwamba aliyepika ni dada yake, yeye akasema, "Kama hasira zingekuwa zimekwisha angeileta mwenyewe." Nilibeba chupa ile kwenda na kurudi, na maneno hayo kwenda na kurudi, na mke wa marehemu alibeba ya kwake, na watoto wao ya kwao, na hatukufanikiwa kuwasogeza.

Jumanne moja ya mwezi wa Aprili mama alivaa gauni lake la kanisani, akaenda mwenyewe, bila kumwambia mtu. Alimkuta mdogo wake amelala. Muuguzi wa zamu alitaka kumwamsha, mama akakataa, akasema mgonjwa akipata usingizi haamshwi, akakaa kitini kando ya kitanda mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, akamrekebishia shuka, akaondoka. Marehemu alipoamka na kuambiwa nani alikuwapo, alilia, akasema, "Mngeniamsha," akaomba aletwe tena, na mama akakubali kuja Ijumaa. Alhamisi yake marehemu alipatwa na kiharusi, kikamwondolea sauti na upande wote wa kulia.

Mama alikwenda Ijumaa, na kila siku iliyofuata, akamsemesha yale yote ambayo hakumwambia kwa miaka ishirini na sita, habari za watoto wa shule ya bweni, habari za wajukuu, nani alikufa na nani alioa, namna alivyokuwa akipita juu ya barabara na kunusa kama vitunguu vinaungua kule Chini, na mara nyingine alimgombeza kabisa, tukimsikia kutoka koridoni. Wauguzi walisema anasikia. Mama anasema hajui, macho yalikuwa wazi, yalikuwa yakimtazama, lakini hajui, na hapendi tumwambie kwamba alisikia.

Marehemu alifariki tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, mke wake na dada yake wakiwa wamemshika kila mmoja mkono mmoja. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na dada yake.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliotuvumilia na chupa zetu na kelele zetu, chama cha kuhifadhi mji wa zamani, ambacho leo kimesitisha matembezi yake ili kiwepo hapa, wahudumu na wapishi wote waliofanya kazi naye tangu hoteli ya stesheni, majirani mliopika na kulala nasi siku hizi zote, na kijana mwenye duka la simu, ambaye jana alifunga biashara yake na kutufungulia mlango tuteremke na jeneza, tukae naye kidogo katika nyumba aliyozaliwa. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, ila hakuna tuliyemsahau.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea mama, nikamwuliza kama kuna la kuongeza. Nilikuwa tayari nimeandika kwamba anaomba samahani, akaniambia nilifute, kwa sababu mdogo wake hakuwa mtu wa kuombwa samahani, angeona aibu mbele za watu. Akasema niandike jambo moja tu, kwamba miaka yote ile, kila ilipofika saa ya wapishi kupumzika, alikuwa akikaa barazani kwake na kiti cha pili kando, akimsubiri aje.

Mjomba, nimeyasoma kama dada yako alivyotaka. Wewe lala sasa, upumzike kwa amani.